Kuchunga si adhabu: malisho nayo yanahitaji wasomi

Miongoni mwa vitisho vitolewavyo madarasani mwetu, sidhani kuna kilichozoeleka kuliko hiki: "Usiposoma utakwenda kuchunga ng'ombe." Mwalimu hukitamka kwa nia njema ya kumzindua mwanafunzi mzembe, mzazi naye hukirudia nyumbani jioni, na hatimaye mtoto hukua akiamini kwamba kitabu na nyasi ni mahasimu wasiopikika chungu kimoja. Nimekisikia kitisho hiki hata katika shule za wafugaji, ambako karo ya huyo huyo anayetishwa imelipwa kwa fedha za dume lililouzwa mnadani.

Mimi ni miongoni mwa wale waliosoma na bado wakaishia malishoni. Tangu nilipohitimu shahada ya kwanza, kazi yangu imekuwa kuchunguza nyasi, ardhi zinamoota na wanyama wanaozila. Nimefundisha wanafunzi wa chuo kikuu somo hilo, na kila mwaka huwakuta wengi wao wakiwa wameletwa na alama zao za mtihani wala si kwa hiari, wakilisoma huku shingo zimegeukia udaktari na uhandisi. Siwalaumu, kwani hakuna aliyewaambia lolote jingine. Nia yangu leo ni kuwaambia walimu na wanafunzi kwamba utafiti wa malisho ni taaluma inayostahili vichwa vyetu vilivyo bora, tena inavihitaji kwa muda wa maisha, na kwamba taifa letu linaumia kwa kuufanya utafiti huo kuwa kibarua cha msimu.

Tuanze na hesabu. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Huko mahindi husinyaa kabla ya kubeba, na majani ya chai hayajulikani ila ndani ya birika. Kinachoota ni nyasi na vichaka, na awezaye kuvigeuza kuwa maziwa, nyama na karo ya shule ni mnyama. Kati ya mwaka wa 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 wakaangamia nchini. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi za wezi wa mifugo wala kwa maradhi. Walikufa kwa kukosa cha kutia kinywani. Marobota ya nyasi kavu yalisafirishwa kwa malori, na ilikuwa vyema kufanya hivyo. Lakini ni wachache waliouliza nyasi za maeneo yale zilikwenda wapi, ni zipi zingerudi mvua ikinyesha, na ni zipi zilikuwa zimetoweka kabisa hata mvua isingezifufua. Maswali hayo hayajibiwi kwa hotuba. Yanajibiwa na mtu aliyepatazama mahali pamoja kwa miaka mingi.

Huenda msomaji akauliza kuna nini cha kutafitiwa katika nyasi. Mtafiti wa malisho huanza kazi akiwa na fremu ya mraba ya chuma, mkasi na mifuko ya karatasi. Huilaza fremu ardhini, akahesabu aina za nyasi zilizomo, akazikata, akazikausha katika tanuri la maabara na kuzipima uzani. Kutokana na uzani huo hukadiria malisho yaliyomo katika hekta nzima, na idadi ya mifugo inayoweza kulishwa hapo pasi na ardhi kuchakaa. Kisha nyasi husagwa ili ipimwe protini iliyomo. Hapo ndipo mambo huanza kunoga, kwani ng'ombe anaweza kujaza tumbo na bado akakonda. Nyasi zikikomaa na kukauka, protini hupungua. Protini ikipungua mno, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinavyovunja nyuzinyuzi hudhoofika, chakula kikakawia tumboni, naye mnyama akapunguza kula huku amezungukwa na chakula. Jicho la mpita njia huona nyasi tele; mizani ya mtafiti huona njaa.

Vipimo hivyo hurudiwa masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Ndani yake mna botania, kemia, hisabati na, siku hizi, picha za setilaiti. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka wa 2010 ilitegemea picha zilizopigwa kutoka angani: ukijani wa malisho ulipopungua kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji alilipwa, pasi na mtu kwenda kuhesabu mizoga. Kwa hivyo kijana anayependa kompyuta, na hata yule asiyependa matope viatuni, ana nafasi yake katika taaluma hii. Ila namwonya kwamba asipoyakanyaga matope hayo hata siku moja, hatajua picha zake zinasema kweli au zinamdanganya. Kutoka juu sana, kichaka kisicholiwa na mnyama yeyote huonekana kijani sawasawa na nyasi nzuri.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi wangu uko Mpala, katika Kaunti ya Laikipia. Mwaka wa 1995, watafiti wakiongozwa na Truman Young walitenga vipande 18 vya ardhi, kila kimoja cha hekta 4. Nyua zake zilitofautiana: nyingine ziliwazuia wanyamapori wote wakubwa, nyingine ziliwazuia tembo na twiga pekee, na vipande vingine viliachwa wazi. Ng'ombe nao waliingizwa katika baadhi ya vipande na kutoingizwa katika vingine. Mojawapo ya maswali yaliyoulizwa hapo ni lile ambalo kila mfugaji wa Laikipia amewahi kujiuliza: je, pundamilia ni mwizi wa malisho ya ng'ombe?

Mwaka wa 2011, Wilfred Odadi wa Chuo Kikuu cha Egerton na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Science, ambalo ni miongoni mwa majarida yanayoheshimiwa sana duniani. Walikuwa wamewapima ng'ombe uzani katika vipande hivyo. Wakaona kwamba wakati wa kiangazi wanyamapori huwapokonya ng'ombe chakula kweli, na ng'ombe wanaolisha pamoja nao huongeza uzani kidogo kuliko wale walio peke yao. Mvua inaponyesha, mambo hugeuka. Ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori hunawiri zaidi, kwa kuwa pundamilia hula mabua makavu yaliyokomaa na kuwaachia ng'ombe nyasi laini zenye lishe. Mwizi wa kiangazi, kumbe, ni mtumishi wa masika.

Naomba msomaji aitazame miaka. Nyua zilijengwa 1995. Jibu likachapishwa 2011. Laiti mtafiti angalifika kiangazi kimoja tu, angaliondoka na nusu ya ukweli na kutushauri tuwafukuze pundamilia. Mwingine angalifika masika tu, naye angaliondoka na nusu ya pili na kutuambia kwamba mfugaji hulalamika bure. Kila mmoja angalikuwa na takwimu zake, na wote wawili wangalitupoteza. Katika taaluma hii, muda ni chombo cha kazi sawa na mizani. Waingereza walilitambua hilo zamani: pale Rothamsted liko shamba la nyasi ambalo majaribio yake yalianza mwaka wa 1856 na yanaendelea hadi leo. Walioyaanza walikufa kitambo, lakini daftari lao halikufungwa.

Wala tusidhani kwamba utafiti huu ni mgeni kwetu. Katika miaka ya 1950 kituo cha utafiti wa nyasi cha Kitale kilikuwa na sifa kubwa. Hapo alifanya kazi A. V. Bogdan, ambaye orodha yake ya nyasi za Kenya ilitolewa mwaka wa 1958, na kitabu chake kikubwa kuhusu mimea ya malisho ya nchi za joto kikafuata mwaka wa 1977. Hata kampuni ya Kenya Seed, ambayo mkulima wa leo huihusisha na mahindi, ilianzishwa huko Kitale mwaka wa 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho. Mahindi chotara ya 611 yalikuja baadaye, mwaka wa 1964. Enzi hizo utafiti ulilenga zaidi mashamba ya walowezi, na wafugaji wa nyanda kame walikumbukwa kwa nadra. Hata hivyo, elimu iliyopatikana haikuwa na rangi. Nyasi za Boma Rhodes zinazofungwa marobota leo katika mashamba yetu ni tunda la kazi hiyo. Nandi setaria nayo ilivuka bahari, na wakulima wa Australia wakaipanda kwa jina hilo hilo la Nandi, kama walivyoipanda nyasi yetu nyingine ya nyanda za juu, Kikuyu, inayowalisha ng'ombe wao wa maziwa.

Lakini kisa kinachonikera, na kunifunza vilevile, ni cha nyasi iitwayo brachiaria. Asili yake ni Afrika. Katika miaka ya 1984 na 1985 watafiti walizunguka Kenya, Tanzania, Burundi, Rwanda, Ethiopia na Zimbabwe wakikusanya aina zake. Ziligawiwa kwa vituo vya utafiti, na zikapata makao Amerika ya Kusini, hasa Colombia na Brazili. Kuiboresha nyasi hii si kazi ya pupa. Aina zake nyingi hutoa mbegu ambazo viini vyake havihitaji mchango wa dume, hivyo kila mtoto ni pacha wa mama yake na kuchanganya mbegu huwa muhali. Ilibidi watafiti wapate kwanza mimea iliyokubali kuchanganywa, kisha wazalishe na kuchuja kizazi baada ya kizazi, hadi mbegu chotara za kwanza zikawafikia wakulima mwanzoni mwa karne hii. Leo brachiaria imetanda katika mamilioni ya hekta nchini Brazili, na sehemu kubwa ya nyama ambayo taifa hilo huiuzia dunia imeota, tuseme, juu ya nyasi ya Kiafrika.

Kuanzia mwaka wa 2012, watafiti wa hapa Kenya walianza kuijaribu tena katika mashamba yetu, ikiwa imetoka huko ng'ambo. Miongoni mwa aina zilizoletwa ni Xaraés, ambayo asili yake ni Burundi, na Piatã, ambayo asili yake ni Ethiopia. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Huyu wetu amerejea akiwa mzima na amenona, tena anadai nauli. Siwalaumu Wabrazili, walifanya kazi, nao wanastahili ujira wao. Ninachouliza ni kwa nini sisi tuliokuwa na nyasi mlangoni hatukuwa na watu wa kuzikesha.

Kutokuwa na wakeshaji kuna gharama nyingine. Mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia Kiambu hadi Bungoma, hutegemea sana majani ya nepia. Majani hayo yalivamiwa na magonjwa mawili. Eneo la kati lilipatwa na ugonjwa wa kuvu unaoyageuza masuke kuwa unga mweusi kama masizi. Magharibi likazuka la kudumaa, ambapo majani hugeuka manjano na shina zima kuwa kibeti. Watafiti wa Muguga walichagua aina iitwayo Kakamega 1 inayoustahimili ugonjwa wa kwanza. Kuhusu wa pili, ilibidi kungojea hadi mwaka wa 2009 ndipo kisayansi ikathibitishwa kwamba mdudu mdogo afyonzaye utomvu, Recilia banda, ndiye anayeusambaza. Katika miaka hiyo ya kungojea, mkulima aliendelea kumpa jirani vipande vya nepia kwa ukarimu, asijue kwamba pamoja na zawadi alikuwa akimpa ugonjwa.

Yako pia manufaa ambayo hakuna aliyeyatazamia. Pale Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake wa kituo cha ICIPE waliipanda nepia kuzunguka mahindi ili iwavute nondo wa viwavi vinavyotoboa mabua, na kati ya mistari wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, uwafukuze. Wakagundua kwamba mizizi ya desmodiamu huzuia pia striga, lile gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mahindi ya magharibi. Basi shamba moja likatoa mahindi zaidi na malisho ya ng'ombe papo hapo. Mimea yote miwili ni ya malisho. Aliyesema kwamba nyasi hazina uhusiano na ugali amekosa kutazama.

Sasa nifikie kidonda chenyewe. Utafiti wetu mwingi hutegemea miradi ya miaka 3. Niliwahi kufanya kazi katika mradi mmoja wa aina hiyo, wa kufufua malisho yaliyochakaa kwa kupanda nyasi za kienyeji. Mwaka wa kwanza ulikwisha tukiandaa ardhi na kupatana na wenyeji. Mwaka wa pili mvua haikunyesha, na mbegu nyingi zikaliwa na mchwa na ndege. Mwaka wa tatu nyasi zikashika, zikapendeza, tukapiga picha, tukaandika ripoti, na fedha zikaisha. Swali la maana, yaani kama nyasi zile zingestahimili kulishwa na ng'ombe wa kijiji kwa miaka 10, halikuulizwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuuliza. Mlinzi aliachishwa kazi, na mbuzi wakamaliza utafiti kwa namna yao.

Matokeo yake ni kwamba mtafiti kijana huruka kutoka mradi hadi mradi kama nyuki asiye na mzinga. Mwaka huu ni malisho, mwaka ujao ni kuku, mwaka wa tatu ni warsha. Wazee wanaozijua nyasi kwa majina wanastaafu, na elimu yao inaondoka nao. Nimekutana na wenye shahada ya uzamili wasioweza kutofautisha nyasi 10 za nyumbani kwao, ilhali ajuza wa Makueni atakuonyesha mbeetwa na nguu na kukueleza ni ipi inayompa ng'ombe maziwa na ipi inayofaa kuezekea.

Hapo ndipo baadhi ya watu hunipinga. Husema: ikiwa ajuza anajua, msomi wa nini? Hoja hiyo ina uzito. Wamaasai walikuwa na olopololi, malisho yanayotengewa ndama na mifugo dhaifu kwa ajili ya kiangazi, kabla ya yeyote kuandika tasnifu kuhusu kupumzisha ardhi. Lakini mazingira ambamo maarifa hayo yalizaliwa yamebadilika. Ardhi imegawanywa na kuzungushiwa waya, njia za kuhamia zimezibwa, mvua haifuati kalenda ya babu. Maarifa ya mfugaji hutuambia swali lililo la maana. Utafiti hutusaidia kujua kama jibu la jana lingali kweli leo. Msomi anayemdharau mfugaji hupoteza mwalimu wake wa kwanza, na mfugaji anayemfukuza msomi hujinyima shahidi.

Nasema shahidi kwa sababu. Siku hizi ng'ombe ameshtakiwa mbele ya dunia kwa kuchafua hewa, na kesi yake husikilizwa kwa takwimu. Kwa muda mrefu takwimu zilizotumiwa kumhesabia ng'ombe wa Afrika zilitokana zaidi na vipimo vya mataifa mengine. Watafiti walipopima hapa Kenya gesi ya nitrasi oksaidi itokayo katika kinyesi na mkojo wa ng'ombe malishoni, walipata kiasi kilicho chini ya makadirio ya kimataifa. Sisemi ng'ombe wetu hana hatia yoyote; methani aitoayo ni kweli, na malisho duni humfanya aitoe nyingi kwa kila lita ya maziwa. Ninalosema ni kwamba asiyejipima hupimwa na wengine, na hukumu hutolewa hata mshtakiwa asipofika.

Wengine watauliza kuhusu mshahara. Sitawadanganya vijana. Taaluma hii haitajirishi. Utasoma shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamifu, na wenzako watakuwa wamejenga ungali ukihesabu mabua juani. Lakini utakuwa na kazi ambayo matunda yake huliwa na watu wengi, na ambayo haiwezi kuagizwa tayari kutoka ng'ambo, kwa kuwa udongo wa Kiboko hauko kwingineko.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwa serikali na vyuo vikuu: tengeni vipande vya majaribio ya malisho katika kila ukanda wa nyanda kame, mviwekee fungu dogo lisilokatwa kila bajeti inapobana, na mwajiri vijana wakae na wazee kabla wazee hawajastaafu. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kikilinganishwa na gharama ya kusomba marobota kwa malori kila kiangazi.

Kwa walimu wenzangu: kila shule ina kona ya uwanja. Wapeni wanafunzi fremu ya mraba, hata ya fito, wahesabu nyasi zilizomo, waulize majina yake kwa wazazi wao, wazikate, wazikaushe juani na kuzipima, na warudie muhula ujao. Muweke daftari moja ambalo darasa moja litalirithisha jingine. Baada ya miaka 10 shule hiyo itakuwa na rekodi ambayo wizara yenyewe itaiomba.

Na kwa wanafunzi, hasa mnaochagua sasa njia zenu za masomo katika sekondari pevu: msiogope neno kuchunga. Maana yake ya kwanza ni kutunza, na sijui ni msomi gani anayedai kwamba kazi yake imepita hapo. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, kisha tukaendelea kuwazungumzia tembo. Ni wakati sasa baadhi yenu mkae upande wa nyasi, mzijue kwa majina, mzitetee kwa vipimo, na daftari msilifunge hadi mpate wa kumkabidhi.